Umesahau Nenosiri la Kompyuta? Jaribu Haya Kabla ya Kukubali Ifutwe

Mweka hazina wa kikundi cha akiba anawasha kompyuta asubuhi ya siku ya mkutano mkuu. Michango ya wanachama, mikopo ambayo haijalipwa na kumbukumbu za mikutano, yote yamo humo. Anaandika nenosiri, kompyuta inakataa. Anajaribu tena na tena, inakataa. Anaipeleka kwa fundi. "Hii ni kazi ndogo, Mama. Nitakuwekea Windows mpya," fundi anamwambia. Jioni kompyuta inafunguka vizuri, lakini haina hata faili moja ya kikundi.

Mfano huu unaweza kumpata mkazi yeyote: mwanafunzi, mwenye duka, karani wa kanisa au msikiti. Kompyuta inaweza kununuliwa tena, lakini kumbukumbu za miaka mitatu haziuzwi dukani. Somo letu la toleo hili linaeleza hatua za kufuata ukisahau nenosiri, yaani paswadi, kwenye kompyuta yako inayotumia Windows 10 au Windows 11.

Kwanza, hakikisha umesahau kweli

Mara nyingi nenosiri ni sahihi ila kibodi ndiyo inayokosea. Angalia kama kitufe cha Caps Lock kimewashwa, kwa kuwa herufi kubwa na ndogo ni tofauti. Kama nenosiri lina tarakimu, angalia Num Lock. Unapoandika, bonyeza alama ya jicho iliyo kando ya kisanduku ili uone ulichoandika. Usiendelee kubahatisha, ukikosea mara nyingi mno, kompyuta inaweza kukuzuia kwa muda.

Kumbuka pia kuwa PIN na nenosiri ni vitu viwili. PIN hufungua kompyuta hiyo moja tu. Ukiisahau, bonyeza maandishi "Sign-in options" na ujaribu kuingia kwa nenosiri.

Pili, jua aina ya akaunti yako

Hapa ndipo njia mbili zinapoachana. Jiulize: kompyuta ilipowashwa mara ya kwanza, uliingia kwa anwani ya barua pepe au kwa jina tu? Kama ni kwa barua pepe, una akaunti ya Microsoft. Kama ni kwa jina tu, akaunti yako imo ndani ya kompyuta hiyo peke yake.

Akaunti ya Microsoft

Hii ndiyo rahisi zaidi, na simu yako inatosha kuanzia.

1. Fungua intaneti kwenye simu na uende account.live.com/password/reset.
2. Andika anwani ya barua pepe unayotumia kuingia kwenye kompyuta.
3. Utatumiwa nambari ya uthibitisho kwa simu au kwa barua pepe nyingine uliyosajili. Iandike, kisha uweke nenosiri jipya.
4. Rudi kwenye kompyuta na uiunganishe na intaneti kwa kubonyeza alama ya mtandao iliyo chini upande wa kulia. Bila intaneti, kompyuta haitajua kuwa umebadilisha nenosiri.
5. Ingia kwa nenosiri jipya.

Kama laini ya simu uliyosajili imepotea, anzia kwenye duka la kampuni yako ya simu ukiwa na kitambulisho chako ili urudishiwe nambari ileile. Na nambari ya uthibitisho usimpe mtu yeyote, hata akikupigia na kudai ni mhudumu. Aliye nayo anaweza kuichukua akaunti yako.

Akaunti iliyo ndani ya kompyuta pekee

Andika nenosiri lolote, kompyuta ikikataa utaona maandishi "Reset password". Yabonyeze. Kama uliweka maswali matatu ya usalama ulipofungua akaunti, yatatokea hapo. Yajibu kama ulivyoyajibu siku ile, kisha uweke nenosiri jipya.

Kama hukuweka maswali, je, kuna mtu mwingine mwenye akaunti ya msimamizi kwenye kompyuta hiyo, kwa mfano mwenzi wako au mwenyekiti wa kikundi? Huyo anaweza kuingia kwa akaunti yake na kukubadilishia nenosiri. Hata hivyo, manenosiri uliyohifadhi ndani ya akaunti yako, pamoja na faili ulizozifunga kwa usimbaji fiche wa Windows, yanaweza kupotea.

Ukifika kwa fundi

Njia zote zikishindikana, itabidi kompyuta ifutwe na kuanzishwa upya. Lakini kufuta kuwe hatua ya mwisho. Kabla hujaiacha kwa fundi, mwambie hivi: "Nahitaji faili zangu. Usifute chochote kabla ya kuzinakili na kunionyesha."

Jambo hilo linawezekana mara nyingi. Fundi anaweza kuitoa diski, kuiunganisha na kompyuta nyingine na kunakili faili zako, mradi diski haijafungwa kwa usimbaji fiche. Ikiwa imefungwa, utatakiwa ufunguo wenye tarakimu 48. Kwa mwenye akaunti ya Microsoft, mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa humo. Uutafute kupitia aka.ms/myrecoverykey. Bila ufunguo huo, fundi hataweza kuzisoma faili hizo.

Kama kompyuta si yako

Kompyuta ya ofisi au ya shule ipeleke kwa wahusika wa TEHAMA wa mahali hapo. Na usikubali kumfungulia mtu kompyuta ya mwingine bila idhini ya mwenyewe. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Fundi mwaminifu atakuuliza kama kompyuta ni yako, usikasirike.

Zoezi la wiki hii

Hatua zilizo hapo juu hutegemea maandalizi yaliyofanywa mlango ukiwa bado wazi. Tenga nusu saa leo ufanye mambo haya manne:

• Kama una akaunti ya Microsoft, hakikisha nambari ya simu iliyosajiliwa ni ile unayotumia sasa. Kama huna, weka maswali matatu ya usalama kupitia Settings, Accounts, kisha Sign-in options.

• Nakili faili muhimu kwenye fulashi na uihifadhi mbali na kompyuta. Rudia kila mwisho wa mwezi.

• Andika nenosiri kwenye daftari linalokaa mahali salama nyumbani, wala si ndani ya mkoba wa kompyuta. Epuka jina la mtoto au mwaka wa kuzaliwa, kwa maana hayo majirani wanayajua.

• Kama kompyuta ni ya kikundi, wafungulie akaunti ya msimamizi maofisa wawili, kila mmoja na nenosiri lake. Mweka hazina akihama, akiugua au akifariki, kumbukumbu za wanachama zisiondoke naye.

Ukimaliza, zima kompyuta, iwashe tena na uingie. Kisha mfundishe jirani yako.