Zana za Fundi wa Vyombo vya Umeme vya Nyumbani

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Methali hii ni ya kweli shambani, kwa maana mkulima hodari hulima kwa jembe lolote alipatalo. Lakini katika kazi ya kutengeneza vyombo vya umeme haifai kufuatwa. Fundi atumiaye zana isiyofaa huharibu mali ya mwenziwe, na pengine hupoteza uhai wake mwenyewe, au uhai wa mtu atakayekitumia chombo hicho baadaye.

Mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilianza mpango mkubwa wa kufikisha umeme katika nyumba za mashambani. Tangu hapo pasi za umeme, mabirika, redio, feni na majiko madogo yamekuwa vitu vya kawaida hata mbali na miji. Kila chombo mwisho huharibika, na mwenye chombo hapendi kukitupa ikiwa kilichokatika ni waya mmoja tu. Kwa hiyo kila soko linahitaji fundi mwaminifu. Kijana atakaye kuianza kazi hii hana haja ya zana nyingi. Zinamtosha zana chache zilizochaguliwa vema, mradi azijue kazi zake.

Sheria iliyo mbele ya zana zote

Umeme wa nyumbani katika Kenya ni wa volti 240. Nguvu hiyo yatosha kabisa kumwua mtu. Mkondo wa sehemu 3 tu katika kila 100 za ampea moja, ukipita kifuani na kudumu, waweza kuuharibu mwendo wa moyo. Taa ya zamani ya wati 60 hutumia robo ya ampea, yaani zaidi ya mara nane ya mkondo huo.

Basi sheria ya kwanza ni hii: plagi itolewe kabisa katika soketi kabla ya skrubu moja kulegezwa. Kuzima swichi hakutoshi. Pengine aliyetia waya nyumbani alizigeuza, na swichi hukata waya wa kurudisha umeme, hali waya wa moto ungali hai ndani ya chombo. Fundi mwenye busara huiweka plagi juu ya meza, mbele ya macho yake, ili mtu mwingine asije akaichomeka bila yeye kujua.

Bisibisi

Zana itumiwayo zaidi ni bisibisi. Fundi anahitaji bisibisi bapa mbili au tatu za upana mbalimbali, na bisibisi za nyota mbili au tatu, ndogo kwa kubwa. Ncha lazima iujaze mfereji wa skrubu. Ncha ndogo huteleza na kuula mfereji, na skrubu iliyolika kichwa haifunguki tena ila kwa kutobolewa. Hasara hiyo aghalabu hutokea kwa sababu fundi alikuwa na bisibisi moja akaitumia kwa kila kazi.

Bisibisi si patasi wala si mtaimbo. Ikitumiwa kupigia au kubandulia hupinda, na ncha yake hupoteza umbo. Tena viwanda vingine hutia skrubu zenye tundu la pembe sita au la nyota ya ncha sita, hasa katika mabirika na mashine za kahawa. Kwa hizo fundi hununua seti ya ncha ndogo za kubadilisha, zenye mpini mmoja.

Iko pia bisibisi yenye taa ndogo ndani ya mpini, ambayo mafundi huiita testa. Ikigusa waya wa moto taa huwaka. Msaada wake ni mdogo, nayo haifai kutegemewa peke yake. Taa ile ikiungua, au mchana ukiwa na jua kali, fundi hataona mwanga, naye atadhani waya umekufa kumbe uko hai.

Makoleo na kisu

Makoleo matatu yanatosha. La kwanza ni koleo la kawaida lenye mdomo mpana, la kushikia na kupindia. La pili ni koleo la mdomo mrefu mwembamba, la kufikia mahali ambapo vidole havifiki. La tatu ni koleo la kukatia waya. Zaidi ya hayo, lafaa koleo la kumenyea waya, kwa kuwa mtu anayemenya waya kwa meno au kwa wembe hukata na nyuzi za shaba zilizo ndani. Waya uliopoteza nusu ya nyuzi zake hupata moto mahali hapo, mpira wake huyeyuka, na nyumba huweza kuungua.

Makoleo na bisibisi zilizotengenezwa kwa kazi ya umeme hupigwa chapa ya 1000 V katika mpini. Mpini wa plastiki usio na chapa hiyo ni wa kuushika kwa raha tu, wala si kinga. Na hata zana yenye chapa haimpi fundi ruhusa ya kufungua chombo ambacho plagi yake ingali katika soketi.

Kipimo cha umeme

Zana zote zilizotajwa ni za mikono, lakini kipimo ni macho ya fundi. Kipimo cha kawaida hupima volti, ampea na omu, yaani kiasi ambacho kitu huuzuia umeme kupita. Anayenunua kipimo na atazame maandishi karibu na matundu ya nyaya, aone kwamba yataja volti 600 na daraja la CAT III. Kisha atazame nyaya zake zisiwe zimepasuka.

Mfano huu waonyesha faida yake. Mama mmoja analeta pasi dukani na kumwambia fundi, "Mwanangu, hii pasi haipati moto, na kesho watoto waenda shule." Fundi asiye na kipimo atafungua kila kitu, atakisia, na huenda akamwuzia mama koili mpya isiyohitajika. Mwenye kipimo husoma kwanza kibao cha pasi, aone kwamba ni ya wati 1000 na volti 240. Wati 1000 zikigawanywa kwa volti 240 hupatikana ampea 4.2 hivi. Volti 240 zikigawanywa kwa ampea hizo hupatikana omu 58 hivi. Hicho ndicho kipimo cha pasi nzima.

Kisha huwasha kidude cha kuongoza joto na kugusa kwa kipimo meno mawili ya plagi yanayochukua umeme. Akipata karibu na omu 58, koili ni nzima na waya ni mzima, na kosa huenda likawa katika soketi ya nyumbani. Asipopata kitu, njia imekatika mahali. Hapo hupima fyuzi, kisha waya, kisha kidude cha joto, na mwisho koili, kimoja kimoja. Mara nyingi waya ndio uliokatika, pale unapoingilia katika pasi, kwa sababu hapo hupindwa kila siku. Mama hulipa bei ya kipande cha waya, na fundi hupata jina jema.

Vipimo viwili vingine visisahauliwe kamwe. Jino la ardhi, lile refu la plagi, lazima liungane na chuma cha chini cha pasi. Kipimo kionyeshe chini ya omu moja. Na meno mawili mengine yasiungane na chuma hicho hata kidogo. Pasi yaweza kupata moto vizuri sana hali waya wake wa ardhi umekatika, na mwenye kuitumia asijue mpaka siku atakayoishika kwa mkono wenye maji.

Rangi za nyaya na fyuzi

Katika nyaya za sasa za vyombo, rangi ya kahawia ni waya wa moto, buluu ni waya wa kurudisha, na kijani chenye mistari ya manjano ni waya wa ardhi. Katika vyombo vya zamani nyekundu ilikuwa ya moto, nyeusi ya kurudisha, na kijani kitupu cha ardhi. Fundi azijue zote, kwa maana vyombo vya zamani vingaliko majumbani.

Plagi ya meno matatu bapa ina fyuzi ndani yake. Birika la wati 2000 hutumia ampea 8.3, basi fyuzi yake ni ya ampea 13. Redio hutumia umeme kidogo, nayo yatosheka na ampea 3. Watu wengine fyuzi ikikatika hutia msumari au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Tendo hilo ni sawa na kumwondoa mlinzi mlangoni. Siku nyaya zitakapogusana, hakuna cha kukata umeme ndani ya plagi, na waya wa chombo huweza kuwaka moto kabla umeme haujakatwa kwingine.

Kulehemu

Kwa redio, na kwa vyombo vyenye vibao vya nyaya ndogo, fundi anahitaji chuma cha kulehemu cha wati 30 hadi 60. Waya wa kulehemu wa kawaida ni mchanganyiko wa bati sehemu 60 na risasi sehemu 40, nao huyeyuka karibu na joto la digrii 190. Chuma hupasha moto kiungo chenyewe, kisha waya wa kulehemu huguswa kwenye kiungo hicho, wala si kwenye ncha ya chuma tu. Kiungo chema hung'aa na kutambaa. Kibaya hufanya donge la kijivu. Kwa kuwa risasi ni sumu, kazi hii ifanywe mahali penye hewa, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Lakini viungo vya koili ya pasi au ya jiko havifai kulehemiwa hivi. Moto wake huyeyusha bati, na kiungo huachia. Hapo hutumiwa skrubu, au kiungo cha chuma kinachobanwa kwa koleo.

Zana ndogo, na vyombo vya kuogopwa

Sandukuni ziwemo pia spana ndogo chache, tupa moja, msasa laini wa kusugulia kutu, brashi ya kupangusia vumbi, tochi, na utepe wa umeme. Kipande cha sumaku husaidia kuokota skrubu zilizoanguka, na vifuniko vya chupa hufaa kuwekea skrubu kwa mpango, ili kila moja irudi ilikotoka. Sanduku la chuma la kutilia zana hizo hupatikana kwa mafundi wa jua kali, kama wale wa Kamukunji katika Nairobi.

Viko vyombo viwili ambavyo mwanafunzi asivifungue mpaka afundishwe na mjuzi. Cha kwanza ni jiko la maikrowevu. Ndani yake mna kapasita inayobeba umeme wa volti 2000 hivi, nayo huweza kuuhifadhi hata plagi ikiwa imetolewa. Mafundi wameuawa kwa kuigusa. Cha pili ni friji. Nyingi za siku hizi hutiwa gesi iitwayo R600a, ambayo huwaka moto upesi. Mtu akilehemu mrija wenye gesi hiyo ndani huweza kujiunguza yeye na duka lake.

Kununua na kutunza

Kijana mwenye fedha kidogo na anunue kwa mpango: kwanza bisibisi na makoleo, kisha kipimo, kisha chuma cha kulehemu, na nyingine baadaye kutokana na faida. Haba na haba hujaza kibaba. Ni heri bisibisi tatu za chuma kigumu kuliko seti ya thelathini zinazopinda mwezi wa kwanza. Jioni zana zipanguswe, zipakwe mafuta kidogo, na zihesabiwe. Zana inayokosekana huenda imesahauliwa ndani ya chombo cha mtu.

Atakaye cheti cha ufundi aweza kufanya mtihani wa NITA, ambao una ngazi tatu, kuanzia ya III kupanda hadi ya I. Na kazi ya kutia umeme katika nyumba ni nyingine. Hiyo yahitaji leseni.

Mwisho, fundi asikirudishe chombo chochote kabla ya kupima ardhi yake. Mwenye chombo haoni kilicho ndani. Yeye humwamini fundi tu, kisha huenda nacho nyumbani kwa watoto wake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kuzima swichi hakutoshi kabla ya kufungua chombo?
2. Birika la wati 2400 hutumia ampea ngapi katika volti 240, na omu zake ni ngapi?
3. Pasi inapata moto vizuri. Ni kipimo gani kitakachoonyesha kwamba bado ni ya hatari?
4. Kwa nini koili ya jiko hailehemiwi kwa bati?