SOMO: BIDONI ISIKAUKE

Tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020 ugonjwa wa Ebola ulitesa watu wa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Siku zile wakubwa kwa wadogo walifundishwa kunawa mikono. Mbele ya masoko, shule na makanisa paliwekwa bidoni zenye robine. Ugonjwa ulipoisha, bidoni nyingi zilikauka. Je, watu walisahau somo? Hapana. Wengi walinawa kwa kuogopa ugonjwa; woga ulipokwisha, mazoea hayakuwa yameota mizizi.

Basi, tufanye namna gani?

1. Tufunge jambo jipya kwenye jambo la kila siku: anayetoka chooni, na anayekwenda kugusa chakula, apitie kwanza kwenye maji.

2. Maji na sabuni vikae mahali pamoja, karibu na choo. Sabuni ikikosekana, tutumie majivu.

3. Kazi iwe na mwenyewe: leo mtoto huyu ajaze bidoni, kesho yule.

Kolera ingali kwetu Mashariki ya Kongo, nayo haibishi hodi. Juma lijalo tuulizane: bidoni ya nyumbani ina maji?