Yai Viza Angani

Yeyote aliyekaa katika maabara ya kemia anaijua ile gesi inayonuka kama yai viza, H2S. Basi gesi hiyo hiyo imo angani, tena ndani ya mawingu meusi ambamo nyota huzaliwa. Hebu tulitazame moja, Barnard 1. Liko upande ule wa Kilimia, ila nyuma zaidi, umbali wa miaka ya mwanga ipatayo 1,000. Humo baridi ni kama nyuzi 260 chini ya sufuri!

Mnajua haidrojeni ina ndugu yake mzito, deuteriamu (D), mwenye nyutroni moja katika kiini. Harold Urey alimgundua mwaka 1931. Ni adimu mno: kwa kila atomu milioni moja za haidrojeni angani utapata D kama 15 tu. Sasa piga hesabu. Ili H2S ipate D mbili kwa bahati tu, yaani iwe D2S, ingebidi uchambue molekuli zaidi ya bilioni nne ndipo upate moja. Lakini mwaka 2003 wanafalaki walitangaza kwamba wameiona D2S, mojawapo ya mahali penyewe ikiwa hapo Barnard 1. Hiyo si bahati.

Ni baridi. Katika wingu mna ioni iitwayo H3+. Ikikutana na HD hubadilishana atomu, ikatokea H2D+ pamoja na joto kidogo. Kurudi ilikotoka kunataka joto lile lile lirudishwe, na kwenye baridi hiyo litoke wapi? Ni mambo ya samaki na dema: kuingia rahisi, kutoka hakuna. Tena kaboni monoksidi, ambayo kwa kawaida huiharibu ioni hii, huwa imeganda juu ya vumbi. Kwa hiyo D hurundikana, kisha atomu zake huachiliwa, zikatua kwenye chembe za vumbi na kushikana na salfa. Mimi naiona D kama muhuri: molekuli iliyojaa D imezaliwa baridini.

Muhuri huo unahitajika sana, maana kuna salfa iliyopotea. Katika gesi nyembamba baina ya nyota, salfa huonekana karibu yote. Wingu likishakuwa zito, sehemu ndogo tu huonekana. Nyingine imekwenda wapi? Wengi wanashuku barafu iliyo juu ya vumbi, ila salfa iliyopimwa humo haijatosha kulipa deni. Na si swali la wanafalaki peke yao, kwani salfa iliyo katika nywele zetu na maharagwe ya bwenini ilipitia mawingu ya namna hiyo.

Dokezo moja limetoka karibu na kwetu. Nyota-mkia ni mabaki ya barafu ya tangu jua lilipozaliwa. Chombo Rosetta kiliifikia nyota-mkia 67P mwaka 2014, kikanusa H2S. Mwaka 2017 wataalamu wakachapisha kwamba humo mna HDS pia, tena nyingi kuliko bahati ingeruhusu.