SOMO LETU: Mafuta ya Breki Yakipungua, Ulizeni Yamekwenda Wapi

Vikundi vingi siku hizi vina pikapu ya kupeleka maziwa au mboga sokoni, na vingine vimenunua trekta kwa michango ya wanachama. Tukikutana huwa tunauliza gari limeingiza pesa ngapi. Ni mara chache tunauliza breki zake zikoje, na gari hilo hilo ndilo linabeba watu wetu. Katika somo hili tutajifunza kuangalia mafuta ya breki, ambayo wengine huita oili ya breki. Kuangalia hakuhitaji fundi na hakumalizi dakika kumi.

Kazi ya mafuta haya

Dereva akikanyaga pedali, mguu wake unasukuma mafuta yaliyojaa ndani ya paipu nyembamba mpaka kwenye magurudumu. Huko mafuta ndiyo yanayobana breki. Mafuta hayabonyei, ndiyo sababu nguvu ya mguu inafika. Hewa nayo hubonyea. Ikiingia kwenye paipu, pedali inakuwa laini kama sponji na gari halisimami vizuri.

Mafuta ya breki hayaungui kama petroli. Yamefungiwa humo ndani. Kwa hivyo yakipungua kuna sababu, na kwa kawaida ni moja kati ya hizi mbili:

(a) Pedi au lainingi za breki zimelika. Hapo mafuta hushuka kidogo kidogo kwa miezi mingi.

(b) Yanavuja. Hapo hushuka haraka, pengine kwa siku chache.

Anayeongeza mafuta kila wiki bila kuuliza ni kama mtu anayejaza mtungi uliotoboka. Tofauti ni kwamba mtungi hauui mtu.

Jinsi ya kuangalia

1. Simamisha gari mahali tambarare. Zima injini, vuta handbreki, na uweke mawe kwenye magurudumu.

2. Fungua boneti utafute kitanki kidogo cha mafuta ya breki. Kwa magari mengi ni cha plastiki na kiko mbele ya dereva. Futa vumbi kwa kitambaa safi kabla ya kugusa kifuniko, maana mchanga ukiingia utaharibu raba za ndani.

3. Tazama alama mbili, MAX na MIN. Mafuta yawe katikati ya hizo mbili. Vitanki vingi vinaonyesha kwa nje, hakuna haja ya kufungua.

4. Angalia rangi. Mafuta mapya huwa meupe au ya manjano kidogo, unaona mpaka chini. Yakiwa meusi kama turungi, yamechoka.

5. Kanyaga pedali kwa nguvu uishikilie kwa nusu dakika. Ikizama polepole, kuna mahali panavuja, hata kama huoni tone nje. Gari hilo lisitoke.

6. Chungulia upande wa ndani wa kila gurudumu, na pia chini ya pedali. Palipolowa mafuta, mwite fundi.

Fanyeni hivi kila wiki, na kila mara kabla ya safari ndefu.

Adui ni maji

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, hata kama kitanki kimefungwa. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya digrii 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwa digrii 140 hivi. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya, na 155 hivi yakishanyonya maji.

Sasa fikiria pikapu iliyojaa mizigo ikiteremka kutoka Iten kupitia Tambach kwenda bonde la Kerio, au ikishuka kwenye daraja la Nithi, dereva amekanyaga breki njia nzima. Breki zinapata moto sana. Mafuta yenye maji yanachemka na kutoa mvuke, na mvuke hubonyea kama hewa. Pedali inazama mpaka chini na gari halisimami. Gari likipoa pedali inarudi, watu wanasema ati breki ni nzima. Si nzima.

Kwa hivyo badilisheni mafuta yote kila baada ya miaka 2, au kama kitabu cha gari kinavyosema. Kazi hii mpeni fundi anayejua kutoa hewa kwenye paipu. Naye dereva aingize gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, si akiwa katikati ya mteremko.

Mambo ya kuepuka

- Usiweke oili ya injini, dizeli wala maji. Oili hufurisha raba na breki zinakufa. Ikishawekwa, gari lisiendeshwe hata kidogo.
- Soma kifuniko ujue ni DOT 3 au DOT 4. DOT 5 ni ya aina nyingine kabisa, usiichanganye na hizo.
- Nunua chupa ndogo iliyofungwa. Iliyokaa wazi imeshanyonya unyevu.
- Usiweke mafuta haya kwenye chupa ya soda. Ni sumu, na watoto watakunywa. Yakimwagikia ngozi au rangi ya gari, osha mara moja kwa maji.

Trekta na lori

Si kila mashine inatumia mafuta haya. Trekta nyingine hutumia vyuma vitupu kuvuta breki, nyingine hutumia oili ya aina yake, na ukiweka DOT humo utaharibu raba. Someni kitabu chake kwanza. Trekta ikiwa barabarani, pedali zake mbili za breki zifungwe pamoja, la sivyo inaweza kupinduka. Lori kubwa nyingi hutumia upepo, na matanki ya upepo yafunguliwe kila siku maji yatoke.

Uamuzi wa kikundi

Kumbukumbu la Torati 22:8 inamtaka anayejenga nyumba aweke ukingo kwenye dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Gari la kikundi ni nyumba yetu sote. Chagueni mtu mmoja wa kuangalia breki na mmpe daftari: tarehe, kiasi cha mafuta, yaliyoongezwa, na jina lake. Pia kubalianeni kwamba dereva akisema breki si nzuri, gari linabaki nyumbani, hata mwenyekiti akiwa na haraka.

Maswali ya kujadiliana

1. Mafuta ya breki ya gari letu yalibadilishwa lini? Nani ana hakika?
2. Yakipungua, nani anaambiwa, na pesa za fundi zitatoka wapi?
3. Dereva wetu anaweza kukataa safari bila kuogopa kufutwa?