Mkono Upi Mkubwa? Poka ya Kwenye Simu kwa Aliyekulia Kwenye Turufu

Hapa Singida mjini karata hazijawahi kukauka vijiweni, na siku hizi simu nazo zimejaa poka. Kijana anayesubiri abiria stendi ya Misuna anafungua programu, anagawiwa sarafu za bure za mchezo, anaanza kubonyeza. Baada ya muda ananiletea simu: "Kaka, nilikuwa na ree tatu, huyu kanipigaje na vidogo vidogo vya shupaza?" Nimejibu swali hilo hadi nimechoka, kwa hiyo naliandika mara moja, atakayeuliza tena nimtumie linki.

Kwanza sahau turufu. Aliyecheza Wahedi wa Sitini anajua kila karata ina bei yake: ree 11, saba 10, mfalme 4, jeki 3, malkia 2. Jumla ni 120, na mwenye 61 kashinda. Poka haina hesabu hiyo. Saba ni saba tu, inakaa chini ya nane. Shupaza haiipigi kopa, wala uru haiishindi pau. Watu wawili wakilingana kila kitu isipokuwa jamii ya karata, wanagawana kilichopo mezani. Kinachopimwa ni karata tano kwa pamoja, na hizo tano ndizo tunaziita mkono.

Mkono dhaifu kabisa hauna kitu, unahesabiwa kwa karata yake kubwa. Juu yake kuna jozi moja, kisha jozi mbili, kisha tatu zinazofanana. Halafu streti, yaani namba tano zinazofuatana bila kujali jamii, mfano sita hadi kumi. Inafuata flashi: tano za jamii moja, hata kama hazifuatani. Ndiyo maana ree tatu za yule kijana zililala mbele ya vidogo vya shupaza. Juu ya flashi ipo fulu hausi, tatu zinazofanana pamoja na jozi, halafu nne zinazofanana, halafu streti ya jamii moja. Ile inayoanzia kumi hadi ree katika jamii moja ndiyo royal flashi, na hakuna kinachoipita.

Mpangilio huu haukutungwa kwa kupenda. Karata 52 zinatoa mikono 2,598,960 tofauti ya karata tano. Jozi moja ipo mara 1,098,240. Tatu zinazofanana, 54,912. Streti 10,200, flashi 5,108, fulu hausi 3,744, nne zinazofanana 624. Royal flashi ni 4 tu. Kinachopatikana kwa shida kinakaa juu, basi.

Mkicheza watu kwa watu, habari inaishia hapo: mkono mkubwa unabeba sarafu zote za mezani, uwe umeshinda kwa jozi au kwa royal. Mambo yanabadilika unapocheza na mashine. Hapo hakuna mpinzani, kuna jedwali la malipo, na watu hawalisomi. Nachukua mchezo wa kawaida kabisa: unapewa karata tano, unabakiza unazotaka, nyingine zinabadilishwa mara moja. Malipo yanaanzia jozi ya jeki kwenda juu. Jedwali zuri linalipa hivi kwa kila sarafu uliyoweka: jozi 1, jozi mbili 2, tatu zinazofanana 3, streti 4, flashi 6, fulu hausi 9, nne zinazofanana 25, streti ya jamii moja 50. Royal inalipa 250, lakini ukiweka sarafu tano kwa mpigo inaruka hadi 4,000 badala ya 1,250. Mchezo mzima umejengwa kukuvuta kwenye hiyo sarafu ya tano.

Tazama hiyo 1 ya jozi. Simu inapiga muziki, taa zinawaka, na ulichopata ni kurudishiwa ulichoweka. Hakuna ulichoshinda.

Kuna jambo jingine linalonifurahisha. Kwa kuwa unaruhusiwa kubadilisha karata, fulu hausi kwenye mashine inatoka mara nyingi kidogo kuliko flashi: takriban 1.15% ya mikono dhidi ya 1.10%. Bado inalipwa zaidi, kwa sababu jedwali limerithi ukubwa wa poka ya mezani. Cheo kimebaki palepale ingawa ugumu umehama.

Namna ya kuchagua cha kubakiza nayo inafuata malipo. Ukiwa na jozi ya malkia na wakati huohuo kopa nne, shika malkia. Ukiwa na jozi ya tano na kopa nne, iachie jozi ufuate kopa: kati ya karata 47 usizoziona, 9 zinakukamilishia flashi, na jozi ndogo peke yake hailipi kitu. Ukibakiza jozi, usiing'ang'anie na ree ya pembeni "kwa bahati". Inakupunguzia tu nafasi.

Sasa fulu hausi na flashi. Wenye michezo wanapotaka kukubana hawagusi royal, maana ndiyo kila mtu anaiangalia. Wanapunguza pale katikati: 9 na 6 zinageuka 8 na 5, au 6 na 5. Mkulima wa vitunguu wa Singida anaijua lumbesa: linaitwa gunia moja, linauzwa kwa bei ya gunia moja, ila kilichoshindiliwa ndani si gunia moja. Jedwali la 9 na 6, ukicheza bila kukosea na kuweka sarafu zote tano, linarudisha 99.54% kwa wastani. La 8 na 5 ni karibu 97.3%. La 6 na 5 ni kama 95%. Ukiona tofauti ni ndogo, fanya hesabu: mikono 400 kwa saa, kila mmoja shilingi 100, ni shilingi 40,000 zimepita mkononi. Jedwali zuri linabakiza chini ya 200. Lile baya linabakiza kama 2,000, kila saa, na hapo hujakosea hata mara moja.

Mimi nacheza za bure na zinanitosha. Anayetaka kuweka fedha awe ametimiza miaka 18, na ahakikishe mwendeshaji ana leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Na kabla ya kubonyeza chochote, fungua ukurasa wa malipo usome mstari wa fulu hausi na wa flashi. Ukikuta 6 na 5, funga programu.