MAANA YA 'MAISHA' KATIKA KIFUNGO CHA MAISHA

Utangulizi
Makala haya yanachunguza neno 'maisha' katika istilahi ya kisheria 'kifungo cha maisha'. Mama wa Manyatta, Kisumu, akiambiwa kwamba mwanawe amefungwa miaka kumi, huhesabu. Akiambiwa 'maisha', ahesabu nini?

Uchanganuzi
Kisemantiki, 'maisha' ni muda wa kuwa hai, na vilevile ni hali ya kuishi, kama katika 'maisha magumu'. Katika Kijaluo, lugha ya wengi Manyatta, 'ngima' nalo hubeba uhai na uzima kwa pamoja. Katika 'kifungo cha miaka kumi', kihusishi 'cha' hutangulia kipimo kinachojulikana. Katika 'kifungo cha maisha', kipimo ni uhai wa mfungwa mwenyewe. Hivyo, kijana wa miaka 20 na mzee wa miaka 70 hupewa adhabu yenye jina moja na urefu tofauti.

Fasili mahakamani
Mwaka 2017, katika shauri la Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha ulazima wa adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji. Hata hivyo, haikukifasili kifungo cha maisha. Ililiachia Bunge kazi hiyo. Tarehe 8 Desemba 2023, Mahakama ya Rufaa iliyoketi Kisumu, katika rufaa ya kosa la unajisi, ilifasiri maisha kuwa miaka 30. Mwezi wa Aprili 2025, Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo na kukirejesha kifungo cha maisha. Neno likarudi lilikotoka, bila kipimo.

Wanaotetea kipimo husema kwamba mfungwa asiye na tarehe ya kutoka hana sababu ya kujirekebisha. Lakini mtoto aliyenajisiwa naye ana maisha, na jeraha lake halina tarehe ya kupona. Fasili yoyote itakayomsahau mmoja wao itakuwa na kasoro.

Hitimisho
Hukumu nyingi nchini Kenya huandikwa kwa Kiingereza, lakini mshtakiwa asiyekielewa huisikia kupitia kinywa cha mkalimani. Kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, wanaisimu wana wajibu wa kuchangia fasili hiyo kabla Bunge halijaiandika. Mama wa Manyatta anastahili neno analoweza kulielewa.