Mzazi Akiambiwa Ana Saratani ya Utumbo
Kijitabu cha familia za Moshi mjini na migombani

KIJITABU HIKI NI CHA NANI

Ni cha watoto, wenzi, wakamwana na wajukuu wa mtu aliyegundulika na saratani ya utumbo mpana, au ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo kabla ya njia ya haja kubwa. Kisomwe kwa sauti kwenye kikao cha familia. Kina mambo mawili makubwa: mzazi asifichwe ugonjwa wake, na kazi ya kuuguza isiachiwe mtu mmoja.

UGONJWA WENYEWE

Utumbo mpana hunyonya maji kutoka kwenye mabaki ya chakula na kutengeneza choo. Mara nyingi saratani yake huanza na kinyama kidogo kisichouma kwenye ukuta wa ndani. Kinyama hicho huweza kuchukua miaka kumi au zaidi kabla ya kugeuka saratani, na katika muda huo wote mwenyewe anaweza asihisi lolote.

Mwaka 2022 watu zaidi ya milioni 1.9 duniani waligundulika na ugonjwa huu. Ni saratani ya tatu kwa kupata watu wengi. Kwetu, wengi hufika hospitali wamechelewa kwa sababu dalili zake hupewa majina mengine: damu chooni huitwa bawasili, tumbo kuvuruga huitwa amiba, na kukonda na kuchoka huitwa uzee. Mzazi akatibiwa minyoo mara tatu, na damu bado inatoka.

Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula sahani moja, kulala chumba kimoja wala kutumia choo kimoja. Hautokani na laana ya ukoo wala ugomvi wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Umri mkubwa, ugonjwa huu kuwamo katika familia, unene, sigara, pombe na ulaji mwingi wa nyama nyekundu huongeza hatari, lakini wapo waliougua bila hata kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo msitafute wa kumlaumu, na mzazi asijilaumu.

MAJIBU YA KINYAMA NA MAANA YAKE

Daktari huingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa. Kipimo hiki huitwa kolonoskopi. Akiona uvimbe hukata kipande chake kidogo, ambacho nacho huitwa kinyama, na kukipeleka maabara. Kipande hicho ndicho kinachothibitisha kama ni saratani. Baada ya hapo hufanyika CT scan ya kifua na tumbo, kuangalia kama ugonjwa umefika kwenye ini, mapafu au mitoki.

Ndipo hutajwa hatua, kuanzia ya kwanza hadi ya nne. Hatua ya kwanza na ya pili, ugonjwa bado uko kwenye utumbo. Ya tatu, umefika kwenye mitoki ya jirani. Ya nne, umefika viungo vya mbali. Hatua za mwanzo mara nyingi hupona kwa upasuaji, wakati mwingine ukifuatiwa na dripu za kemo, yaani dawa za saratani. Saratani ya puru huweza kuhitaji mionzi pia. Hata hatua ya nne ina tiba ya kupunguza ugonjwa, kuondoa maumivu na kumpa mgonjwa muda wenye nafuu.

Nendeni watu wawili kwa daktari, mmoja aulize na mwingine aandike kwenye daftari:
• Saratani iko sehemu gani na iko hatua gani?
• Lengo la matibabu ni kuponya au kupunguza makali?
• Upasuaji ukifanyika, atawekewa mfuko wa choo? Wa muda au wa kudumu?
• Nini kinalipwa na bima, na nini tutalipa wenyewe?
• Tukipata shida usiku, tumpigie nani?

MWAMBIENI MWENYEWE

Familia nyingi huficha. Watoto humwambia baba kuwa ni vidonda vya tumbo, wakiamini wanamlinda. Lakini mzee anaona nyuso, anasikia minong'ono jikoni, na anajua hapelekwi kliniki kila baada ya wiki chache kwa ajili ya vidonda. Akifichwa hubaki na hofu yake peke yake, na hawezi kuamua kuhusu mwili wake, mali yake na siku zake.

Mgonjwa ana haki ya kujua. Pia ana haki ya kusema, "Ongeeni na daktari nyie, mimi mniambie kwa ufupi." Mwanzo mzuri ni kumuuliza: "Mama, majibu ya kipimo yametoka. Ungependa tukueleze yote leo, au twende pole pole?" Mfuateni anapotaka kwenda. Kama mnaogopa kukosea, mwombeni daktari aseme mkiwa pamoja, au mkae na mtu anayemwamini: kaka yake, mchungaji, padri au sheikh.

Wajukuu waliomo nyumbani waambiwe kwa lugha yao: "Bibi ana ugonjwa unaoitwa saratani. Anatibiwa. Hamkuusababisha, na hauambukizi." Mtoto asipoambiwa hutunga maelezo yake mwenyewe, mara nyingi ya kutisha kuliko ukweli.

GAWANENI KAZI

Kwa mila ya Wachagga kitindamimba wa kiume ndiye anayebaki kwenye kihamba cha wazazi. Hivyo mzazi akiugua, mzigo humwangukia yeye na mke wake, huku wengine wakiwa Dar es Salaam, Arusha au ng'ambo. Anayetuma pesa huona ametimiza wajibu, na anayefua mashuka usiku huona ametelekezwa. Ugomvi wa ndugu wengi huanzia hapo.

Iteni kikao wiki ya kwanza, walio mbali wapige simu. Pangeni majina kwenye kazi hizi:
• Msemaji mmoja anayeongea na hospitali na kupeleka taarifa kwa wengine, ili wauguzi wasijibu swali lile lile mara kumi.
• Mtunza fedha mwenye daftari linaloonwa na wote: nani katoa, nini kimelipwa.
• Wa kumsindikiza kliniki, pamoja na wa akiba. Kutoka Marangu au Rombo ni safari ndefu, na aliyetoka kupasuliwa asipandishwe bodaboda.
• Mwuguzaji wa nyumbani, na mtu wa kumpokea angalau siku moja kila wiki. Aliye mbali anaweza kuchukua likizo akaja kupokea zamu hiyo. Pesa haifui mashuka.
• Wa kupokea wageni. Majirani wakija wote saa moja jioni, mgonjwa hapumziki.

MSAADA UKO WAPI

Zahanati na hospitali za karibu. Anzeni hapo kwa rufaa. Kwa wa milimani kuna hospitali kama Kibosho, Machame, Marangu, Kilema na Huruma, na mjini iko hospitali ya rufaa ya mkoa, Mawenzi. Tunzeni kila karatasi kwenye faili moja.

KCMC. Hospitali hii ya rufaa ya kanda ya kaskazini ilifunguliwa mwaka 1971, na tangu Desemba 2016 ina kituo chake cha huduma za saratani. Kabla ya hapo mgonjwa wa Moshi aliyehitaji kemo alisafiri zaidi ya kilomita 500 kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Ocean Road bado inapokea wagonjwa wa rufaa kutoka nchi nzima. Mkielekezwa huko, ulizeni mapema mgonjwa atafikia wapi na atakaa muda gani.

Ofisi ya ustawi wa jamii. Ipo katika hospitali kubwa, na wengi hupita mlango wake bila kuujua. Mkishindwa gharama, nendeni hapo kabla ya kukatisha matibabu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inataka wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Ulizeni utaratibu wake.

Bima. Mtoto mwenye kadi ya NHIF kupitia ajira aangalie kama mzazi ameandikwa miongoni mwa wategemezi wake. Ulizeni kwa maandishi dawa zipi za kemo zinalipwa.

Tiba shufaa. Hii ni huduma ya kupunguza maumivu na kumsaidia mgonjwa na familia, kimwili na kiroho. Watu huiogopa wakidhani ni ya kungojea kifo. La hasha. Inaweza kuanza siku moja na matibabu mengine, na mkiichelewesha mnamchelewesha mzazi kupata usingizi. Iulizieni hospitali inayowatibu.

Kanisa, msikiti, jumuiya na vikoba. Watu husema, "Mkihitaji chochote mtuambie." Waambieni kitu mahususi: gari la Jumanne, kukata majani ya ng'ombe wiki hii, kukaa na mama saa mbili ili binti aende sokoni.

KUMUUGUZA NYUMBANI

Chakula. Mpeni kidogo mara nyingi. Mtori laini, uji wenye maziwa yaliyochemshwa, mayai yaliyoiva na samaki humfaa mtu aliyepoteza hamu ya kula. Wakati wa kemo aepuke vibichi: maziwa yasiyochemshwa na damu mbichi ya mnyama. Mbege na pombe nyingine aulize daktari kwanza. Msimlazimishe kumaliza sahani. Kukosa hamu ni sehemu ya ugonjwa, si kiburi.

Mfuko wa choo. Baada ya upasuaji huenda sehemu ya utumbo ikatolewa nje kwenye tumbo, na choo kikaingia kwenye mfuko. Utumbo wenye afya huwa mwekundu na wenye unyevu, na hauumi ukiguswa. Damu kidogo wakati wa kusafisha si ajabu. Osheni ngozi kwa maji na sabuni isiyo na manukato, kausheni vizuri, mwageni mfuko kabla haujafika nusu. Kabla ya kuruhusiwa, muuguzi amfundishe mgonjwa na mtu mmoja zaidi, na awaeleze mifuko inapatikana wapi. Mzazi anaweza kurudi kanisani, msikitini na shambani akiwa nao, ila asibebe mizigo mizito. Msifunike pua mbele yake.

Kemo. Anaweza kuchoka, kutapika, kuharisha au kupata vidonda mdomoni. Kwa saa 48 baada ya dripu, anayesafisha matapishi au choo avae glavu. Dawa mojawapo inayotumika sana, oksaliplatini, hufanya vidole na koo kushtuka kwa baridi. Kwa wa migombani hili ni jambo kubwa, hasa Juni na Julai: avae soksi na glavu, anywe maji ya uvuguvugu, asinawe kwa maji ya bomba alfajiri.

Maumivu. Dawa za maumivu hutolewa kwa saa, si kwa kusubiri maumivu yamzidi. Mofini ya kunywa ni dawa salama ikitumiwa kama ilivyoandikwa. Kumpa mgonjwa wa saratani hakumfanyi teja wala hakuharakishi kifo. Hufunga choo, hivyo ombeni dawa ya kulainisha. Ifungieni watoto wasiifikie, na msiiache ghafla.

Dawa za asili na maombi. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa, na wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa kuamini wamepona. Mzazi aombewe, lakini asiache tiba wala asiruke tarehe ya kliniki. Mitishamba mingine huumiza ini au hugongana na kemo, na shubiri huharisha. Anachokunywa daktari akijue, hata kama mnaona aibu kukitaja.

MWAHISHENI HOSPITALI MARA MOJA

• Joto limefika 38 au anatetemeka, akiwa kwenye kemo. Msingoje asubuhi.
• Tumbo limejaa, anatapika, na hapati choo wala upepo. Utumbo unaweza kuwa umeziba.
• Damu nyingi inatoka, au choo ni cheusi kama lami.
• Utumbo ulio kwenye mfuko umegeuka bluu iliyokolea au mweusi.
• Anaharisha mfululizo na hawezi kunywa.
• Mguu mmoja umevimba na unauma, au anapumua kwa shida.

ANAYEUGUZA NAYE NI MTU

Kukasirika, kulia peke yako bafuni, kutamani yaishe kisha kujichukia kwa kuwaza hivyo: yote haya huwapata wauguzaji. Si ukosefu wa upendo. Kula, lala, toka nje ya nyumba angalau kidogo kila siku, na uwe na mtu mmoja unayemwambia ukweli.

Kama kwa zaidi ya wiki mbili hulali, huli, huoni maana ya kitu chochote, au unawaza kujiua, huo ni ugonjwa na unatibika. Nenda kituo cha afya cha karibu au kliniki ya afya ya akili. Mgonjwa naye aulizwe haya haya, kwani wazee huficha huzuni nyuma ya "mimi sijambo".

WATOTO NA NDUGU WAPIME

Mtoto, kaka au dada wa mgonjwa ana hatari kubwa zaidi ya kupata saratani hii, takriban mara mbili ya mtu mwingine. Ushauri unaotumika sana ni kuanza kolonoskopi katika umri wa miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri aliogundulika nao mzazi, ukianza na ule ulio mdogo. Baba akigundulika na miaka 45, watoto waanze kwenye 35. Kama ndugu wawili au zaidi wameugua, au aliyeugua alikuwa kijana, mwambieni daktari: huenda inarithiwa. Kinyama kinachoonekana kwenye kipimo kikatolewa mapema hakipati nafasi ya kuwa saratani.

WIKI YA KWANZA (bandika ukutani)

1. Mzazi ameulizwa anataka kujua kiasi gani, na ameambiwa.
2. Faili moja lina majibu yote, rufaa na kadi ya bima.
3. Msemaji, mtunza fedha, msindikizaji na wa zamu wana majina.
4. Tumefika ofisi ya ustawi wa jamii.
5. Tumeuliza kuhusu tiba shufaa.
6. Namba ya hospitali iko kwenye simu ya kila mtu mzima nyumbani.
7. Mwuguzaji ana siku yake ya kupumzika, na anayempokea anajulikana.
8. Kila mtoto wa mgonjwa ameandika umri wake wa kuanza kupima.